Kikohozi cha Karani

Karani alikohoa, na kikombe cha chai cha mwana wa nyumba kikaishia njiani, hakikufika mdomoni.

Hakikuwa kikohozi cha kuja na kupita. Mbwa alisimama kwanza, akatanua miguu ya mbele kama anayejiandaa kutwishwa mzigo, akanyoosha shingo, halafu akatoa sauti kavu ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta kochi juu ya sakafu ya saruji. Akarudia, akarudia tena. Mwishowe akatema povu jeupe, akalitazama kwa aibu, akajilaza. Walimpa jina la Karani kwa sababu tangu ujana wake alikaa pale mlangoni mwa karakana akimkagua kila mteja aingiaye na atokaye, kama anayemwandikisha. Sasa mdomo wake ulikuwa umeota mvi, na jicho moja limeingia ukungu.

"Bado tu?" mwana akauliza. "Mama, si ulisema amepata nafuu?"

"Ana nafuu. Ungemwona wiki iliyopita."

Mama huyu mtaani walimwita Bi Vifungo. Kazi yake ilikuwa kuvika vitambaa vile vifungo vinavyobonyea kwenye mgongo wa kochi, na vidole vyake havikujua kukaa bure. Hata sasa akizungumza alikuwa akikata uzi kwa meno. Mumewe, fundi makochi, alikuwa mlangoni mwa karakana, ameinamia kiti cha mteja. Alichukua msumari kwenye kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, akagonga, akachukua mwingine.

"Basi nimekuja kwa jambo moja," mwana akasema, akaweka kikombe chini. "Mwenzangu anarudi Jumamosi na mtoto. Kwao wamemwangalia tangu ajifungue mpaka wamechoka, tuwashukuru."

"Jamani!" Bi Vifungo akapiga makofi. "Chumba nimeshakifagia. Na wewe unaleta habari njema na uso wa msiba!"

"Habari haijaisha, Mama. Amesema hivi, na mimi naona ana haki: mtoto bado mchanga, hawezi kulala ua mmoja na mbwa anayekohoa namna hii. Hatujui ana nini. Nawe hujui."

"Kwa hiyo?"

"Nimezungumza na mtu mmoja wa mifugo. Anampiga sindano moja tu, mbwa analala, basi. Hata haumii."

Bi Vifungo akakitua kifungo mapajani. "Karani huyu? Huyu aliyekusindikiza shule mpaka mwalimu akawa anamwita mwanafunzi wa nyuma?"

"Mama, sikatai." Mwana aliuza vipuri vya baiskeli, na mazungumzo yake yote mwishowe hurudi dukani. "Lakini kitu kikishaisha kimeisha. Watu wananiletea mnyororo umelika meno yote, wanataka niukaze. Naukaza nini? Kiumbe akishazeeka, akaanza kukohoa usiku na mchana, kazi hana tena, anasumbua wenye nyumba, kuna nini kimebaki? Ni kumpumzisha. Hiyo ndiyo huruma yenyewe."

Nyundo ikanyamaza. Fundi hakugeuka. Alikaa hivyo, mkono umeinuka, halafu akagonga msumari uleule uliokuwa umeshaingia wote.

"Baba, unasemaje?"

"Nimesikia."

"Kusikia ndiyo jibu?"

"Mwulize mama yako. Mbwa ni wake."

Bi Vifungo alimtazama mbwa, akamtazama mwanawe. Hakutaka kumkosea mkamwana hata kabla hajavuka kizingiti.

"Nipe mpaka Jumamosi," akasema. "Nisipojua ana nini, huyo mtu wako aje."

* * *

Tangu kikohozi kilipoanza, kila aliyepita alikuwa na dawa yake. Jirani yao, mama mpiga pasi, alisema ni mfupa, akasema kwa uhakika kama aliyeuona. Bi Vifungo akajifunga kitambaa mkononi, akamtia Karani vidole mpaka kooni, akatoka na mate tu. Muuza maji akasema ni minyoo. Mwingine akasema ni baridi ya kibarazani, mbwa mzee ana kifua chepesi kama cha mtoto, ahamishiwe ndani penye joto. Hilo ndilo lililomwingia Bi Vifungo akilini. Wiki kadhaa nyuma alikuwa amemtandikia Karani gunia ndani ya karakana, kwenye kona, juu ya rundo la sufi kuukuu, akamfunika na kipande cha kitambaa cha kochi kilichobaki. Alijiona amefanya jambo la maana.

Karakana ile ilikuwa na joto kweli, kwa sababu haikuwa na pa kupumulia. Wateja wao hawakuwa watu wa sponji mpya. Walileta mito ya makochi iliyolala chapati, Fundi akaichana, akaimwaga sufi chini, akaichapa kwa fimbo mbili mpaka ikaumuka na kuwa nyeupe, akairudisha ndani ya mto. Sufi ikichapwa huruka. Upepo kidogo tu ukipita, robo ya mto wa mtu inakwenda barabarani. Kwa hiyo Fundi alifunga dirisha na kuziba nyufa zote kwa vitambaa, akashindilia na chini ya mlango. Mafundi wengine walichapa nje, na mito yao ikirudi imepungua walisema ndivyo sufi ilivyo. Fundi hakuwa wa hivyo. "Sufi ya mtu haipotei kwangu hata unyoya," alizoea kusema, na watu walipita karakana tatu kumfuata yeye kwa ajili ya neno hilo.

Tangu Karani ahamie mle, Fundi naye alihamisha godoro lake. "Nitalala naye," alisema. "Akikabwa usiku, nani atamsikia?" Bi Vifungo alilichukua hilo kama zawadi ya pete. Mwanamume ambaye hakuwahi kumwita mbwa kwa jina mbele za watu, leo analala naye sakafuni! Aliwasimulia mpaka wanunuzi wa vifungo.

"Mwenzangu, mbwa wenu siku hizi anakohoa kama binadamu," mama mpiga pasi akamwambia asubuhi moja juu ya ukuta, akipuliza mkaa wa pasi yake. "Usiku nimeamka nikasema, pole mzee. Kumbe namwambia mbwa pole!"

Wakacheka wote wawili. Halafu mpiga pasi akaacha kucheka. "Lakini mtufikirie na sisi. Mume wangu anaamkia zamu."

"Tutaangalia, dada. Tuvumilieni mpaka Jumamosi."

Aliomba radhi hivyo kwa mpiga pasi, akaomba kwa mpangaji wa nyuma, akaomba kwa mwenye duka aliyesema wateja wake wanaona kinyaa. Kila alipoomba radhi, Fundi alikuwa ndani, mlango umefungwa, fimbo zikichapa.

* * *

Jumatano alimfunga Karani kamba shingoni, akampeleka ofisi ya mifugo. Alimwomba mumewe amsindikize. Fundi akasema kiti cha watu kinangojewa; akasema bila kumtazama, na akakaa chini kabla hajamaliza kusema.

Njia haikuwa ndefu kwa mtu mzima, bali kwa mbwa yule ilikuwa safari. Alikwenda nguzo mbili za umeme, akakohoa, akakaa. Bi Vifungo naye akakaa ukingoni mwa mtaro kumngoja. Vijana wa kuosha magari wakawaona.

"Bibi, mgonjwa nani hapo?"

"Wote wawili wamechoka hao!"

"Mpande mgongoni, Bibi, mtafika upesi!"

"Nikikupanda wewe nitafika upesi zaidi," Bi Vifungo akajibu, "masikio ya punda unayo." Wakaangua kicheko, na mmoja wao akaja akamwekea Karani maji kwenye kopo. Lakini alipoinuka aliona haya hata hivyo, akavuta mtandio ukamfunika nusu ya uso.

Ofisini palikuwa na mwanamume mwenye ndama na mama mwenye kuku kwenye tenga. Msichana wa mezani akainua kalamu.

"Mnyama gani?"

"Mbwa."

"Naona ni mbwa. Wa aina gani?"

"Wa kwetu."

Mwenye ndama akacheka puani. "Mama, huyu si wa kutibiwa," akasema, wala si kwa ubaya. "Wa kutibiwa ni mwenye maziwa, au mwenye mayai. Huyu atakulipa nini?"

Bi Vifungo alifungua fundo la mtandio, akatoa pesa alizoziweka akiba kwa ajili ya blanketi la mjukuu, akalipa ya kumwona daktari, akafunga fundo likiwa limenyauka.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya mpira vimejaa tope la zizi la watu. Hakucheka. Alimwinua Karani juu ya meza kwa mikono yake mwenyewe, akamfungua mdomo, akambonyeza koo taratibu, na Karani akakohoa palepale kama aliyeulizwa. Kisha akaweka vyombo masikioni, akasikiliza kifua muda mrefu, upande huu na upande ule.

"Moyo wake umechoka," akasema. "Mbwa mzee moyo hupanuka, ukabana njia ya hewa, akakohoa. Inaweza kuwa hiyo."

"Inaweza?"

"Mama yangu, sitakudanganya. Kuijua kwa hakika kunataka picha ya kifua, na hapa mashine hatuna. Ila kuna kitu kingine nasikia kule chini, kinakwaruza. Analala wapi?"

Bi Vifungo akaeleza: karakana, joto, sufi, dirisha lililozibwa. Alieleza kwa fahari kidogo, jinsi mumewe alivyo mwaminifu kwa mali za watu. Daktari alikuwa ameacha kuandika.

"Na nyumbani, nani mwingine anakohoa?"

"Hakuna."

"Hata kidogo? Anayeshinda humo na mbwa?"

"Mume wangu ni mzima. Tena ndiye anayemuuguza."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, maana ndivyo alivyojua. Daktari akamtazama kitambo, akampapasa mbwa sikio.

"Niachie mpaka Ijumaa. Nyuma pale tuna banda safi, hewa inapita. Nitampa vidonge vya moyo. Kikohozi kikipungua akiwa hapa, basi ujue kuna kitu huko kwenu."

Karani alipoona anaachwa hakulia. Alikaa mlangoni mwa banda lile geni, akaanza kuwatazama wanaoingia na wanaotoka.

* * *

Kesho yake ua ulikuwa mtulivu. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika. Adhuhuri Bi Vifungo alikaa kibarazani na bakuli la vifungo vyekundu vya kochi la mtu, akiwaza mjukuu atafanana na nani. Fimbo zilichapa ndani ya karakana, zikatua. Pakapita kimya. Halafu akasikia kikohozi.

Aliinuka bila kufikiri. Mikono ilikuwa imeshazoea: ilichukua bakuli la bati la Karani pale chini ya mtungi, ikalijaza maji, na miguu ikakata ua kwenda karakana. "Nakuja, mzee wangu, nakuja," alikuwa akisema, kama alivyosema kila siku. Alisukuma mlango kwa bega.

Ndani hapakuonekana vizuri. Unyoya wa sufi ulikuwa ukielea hewani, mzito kama moshi wa kuni mbichi. Katikati yake Fundi alikuwa amesimama, miguu imetanuka, mikono miwili imeshika mgongo wa kochi, shingo imenyooka mbele. Akakohoa, ile sauti ya kukwaruza. Akakohoa tena, akatema kwenye kitambaa, akakikunja upesi.

Hapo ndipo alipomwona mkewe mlangoni, na bakuli la mbwa mkononi.

"Vumbi tu limenipalia," akasema.

"Karani hayupo."

"Najua hayupo."

"Na usiku zote zile? Nani alikuwa akikohoa?"

Fundi akafuta midomo. Bi Vifungo akatazama pembeni, asimwaibishe, na macho yake yakaangukia kile kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, kimejaa misumari. Miaka yote ya ndoa yao mwanamume huyu alifanya kazi na misumari mdomoni. Aliibana midomoni kumi na zaidi, akaitoa mmojammoja kwa ulimi, na wateja walishazoea kujibiwa kwa mguno. Mpaka watoto wa mtaani walimwita Kinywa cha Chuma. Siku alipoanza kutumia kifuniko, Bi Vifungo alidhani ni meno yanamwuma. Akamwonea huruma, akasahau. Sasa akaelewa. Mtu anayejua kikohozi kinaweza kumjia wakati wowote haweki misumari mdomoni.

"Tangu lini, baba watoto?"

"Kabla ya mbwa."

"Kabla ya mbwa!" Maji ya bakuli yakamwagika miguuni. "Na ukaniacha nimtie mbwa vidole kooni. Ukaniacha nikae mtaroni vijana wanicheke. Nimeomba radhi kwa nyumba hizi zote, mimi, kwa kikohozi chako!"

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Baada ya mazishi?"

"Nilitaka kukwambia Jumapili. Nilishapanga. Kisha mwanao akaja na maneno yake."

"Maneno gani?"

"Kiumbe akishazeeka, akaanza kukohoa, kazi hana tena, kuna nini kimebaki." Aliyatamka taratibu, kama mtu anayerudisha amana. "Huyakumbuki? Mimi sijayasahau."

"Alikuwa akisema mbwa."

"Alikuwa akisema mbwa. Lakini aliyesikia ni mimi."

Bi Vifungo akaweka bakuli juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Nikuulize," akasema. "Na Jumamosi? Ungemwacha apigwe sindano?"

Fundi akakikunja kile kitambaa mara nyingine. "Hiyo Jumamosi," akasema, "nimeiogopa kuliko wewe. Angeondoka yeye, kikohozi kingebaki hakina mwenyewe."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza, ungenyamaza?"

"Sijui, mke wangu. Nikikwambia ningesema, nitakuwa nimekudanganya mara mbili."

Bi Vifungo hakulia. Alikwenda dirishani, akaanza kung'oa vitambaa kwenye nyufa, kimoja, kingine, akavitupa chini. Akasukuma dirisha, likagoma, miaka halijafunguliwa, akalipiga kwa ngumi, likafunguka. Upepo wa baada ya mvua ukaingia kama mtu aliyengoja nje siku nyingi. Sufi yote ikainuka, ikawapita usoni, ikatoka mlangoni, ikatawanyika uani, juu ya kamba za nguo, juu ya ukuta wa mpiga pasi.

"Sufi ya watu hiyo!" Fundi akapiga kelele, akataka kuikimbilia, na kikohozi kikamkamata, kikamkalisha chini.

"Nitaiokota," mkewe akasema. Alimpelekea lile bakuli la bati, akampigia magoti. "Kunywa kwanza. Nitaiokota yote."

Na kweli aliiokota, mpaka giza likaingia. Mpiga pasi alipomwuliza juu ya ukuta kuna nini, akamjibu, "Kazi tu, dada," na yule dada akamwangalia uso, akaacha kuuliza, akaanza kuokota upande wake.

* * *

Ijumaa alikwenda kumchukua Karani. Daktari alisema kikohozi kimepungua zaidi ya nusu, ila hakijakoma, wala hakitakoma. Moyo ule hauwezi kurudishwa ujana. Atafika msimu mwingine, pengine. Asilale tena penye vumbi. Bi Vifungo akashukuru, akavuta kamba, halafu akarudi nyuma.

"Uliniuliza nani mwingine anakohoa," akasema. "Nilikujibu vibaya."

"Nilidhani hivyo, Mama," daktari akasema. "Mpelekeni hospitali upesi."

Fundi akakubali kwenda Jumatatu. Jambo moja tu aliomba: asiseme mtu mwingine, atasema mwenyewe.

Jumamosi wakaja. Mwana alitangulia na mabegi, mkamwana akafuata, mtoto kifuani, amefunikwa kwa shuka nyeupe. Nyuma yao alikuwepo mwanamume mwembamba na kibegi cha ngozi, ambaye hakujua atazame wapi. Bi Vifungo alipokiona kibegi kile, furaha yote ikamwishia mdomoni. Karani alikuwa amelala kibarazani, kichwa juu ya kiatu cha Fundi. Akainua jicho lake zima, akawaandikisha wageni.

"Karibuni," Fundi akasema. "Simameni hapohapo."

"Baba?" mwana akashangaa.

"Simameni hapohapo kwanza." Hakuinuka. "Huyu ndiye mtu wako wa sindano?"

"Ndiye, Baba. Si tulikubaliana? Mbwa bado anakohoa au hako..."

"Anakohoa. Basi mwambie aanze na mimi, ndiye mkubwa."

Mwana akacheka kidogo, akidhani ni utani. Akamtazama mama yake, na kicheko kikafa.

"Kelele za usiku zilizowakera majirani zilikuwa zangu," Fundi akasema. "Za mbwa zilikuwa chache. Nimezeeka, nakohoa, na kazi naona inaelekea ukingoni. Wewe mwenyewe ulisema kuna nini kimebaki. Nilikuwa pale, nilisikia."

Mtu wa sindano akakikumbatia kibegi chake. "Mzee wangu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi ni wa mifugo tu."

Siku nyingine wangecheka. Mwana alikuwa amesimama, mabegi bado mikononi, kama aliyesahau namna ya kuyatua. Mkamwana, bila kujijua, alirudi nyuma hatua moja, mkono ukavuta shuka juu ya uso wa mtoto. Kisha akaona alichokifanya, na macho yakamjaa machozi.

"Baba, nisamehe, sikukusu..."

"Hujakosea, mwanangu. Rudi nyuma zaidi. Hatujui ni nini, na mimi sitamgusa mtoto mpaka hospitali waseme. Rudi kwenu siku chache hizi. Ila kabla hujaondoka..." Akapitisha mkono juu ya mgongo wa Karani. "Kabla hujaondoka, nifunulie nimwone. Kutoka hapohapo."

Mkamwana akalifunua lile shuka. Akamgeuza mtoto kuelekea kibarazani, akamwinua juu kidogo, mwanga umpige. Mtoto akakunja uso kwa jua, akapiga miayo.

"Ana paji la uso la kwetu," Fundi akasema, na wakamwacha atazame mpaka alipotosheka. Mwana alitua mabegi, akamlipa mtu wa sindano nauli ya kurudi, na hakuweza kumtazama baba yake siku ile wala iliyofuata.

* * *

Hospitali ilichukua wiki nzima. Walimwambia ateme kwenye kikopo, wakamwambia arudi. Wakampiga picha, wakamwambia arudi. Mara moja mhudumu alimwita kwa sauti mbele ya watu wote, "Wewe mzee wa kikohozi!", na benchi lote likasogea. Bi Vifungo akasogea upande wa pili, akambana mumewe ubavuni, akatoa vifungo vyake vya kochi akaendelea kushona.

Haukuwa kifua kikuu, ule ugonjwa wa kuambukiza. Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akawaonyesha mahali palipopauka. Ni vumbi, akasema, la miaka na miaka, limekaa limeota makovu. Kikohozi kinaweza kutulia. Mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Sufi aiache kabisa.

"Niache nifanye nini?" Fundi aliuliza, lakini hilo halikuwa swali la hospitali.

Wateja wa sufi walikwenda kwingine, baadhi kwa masikitiko, baadhi bila kuaga. Fundi akabaki na kazi ya mbao na ya kushona vitambaa, uani chini ya turubai, kazi nusu na kipato nusu. Siku moja mwana alikuja na wavu wa chuma na bisibisi. Aling'oa dirisha la karakana, akaweka wavu ili hewa ipite, akaukaza pembe zote, akaujaribu kwa mkono. Fundi alikuwa akimtazama tangu mwanzo.

"Mbao za dirisha hilo zimeoza," akasema. "Hazikaziki."

"Zinakazika, Baba," mwana akajibu akiwa amempa mgongo. "Ni kwenda nazo taratibu." Kisha bisibisi ikaanguka, akainama kuitafuta, akakaa ameinama muda mrefu kuliko bisibisi ilivyohitaji. Fundi akanyoosha mguu, akaisogeza kwa kidole mpaka karibu na mkono wa mwanawe.

Jioni ile walikuwa wote kibarazani. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa babu yake, na babu amegeuza uso upande wa upepo. Mbwa alikuwa chini ya kiti. Bi Vifungo alikuwa akipekua bakuli la vifungo, akitafuta rangi ifananayo na kitambaa. Kikohozi kikaanza pale gizani chini ya kiti, kile kikavu cha kukwaruza, na kikajibiwa na kingine juu yake. Bi Vifungo akataka kuinuka.

"Kaa, Mama," mkamwana akasema.

Aliingia ndani, na wakamsikia akifungua mtungi. Akarudi ameshika kikombe mkono mmoja, bakuli la bati mkono wa pili. Kikombe akampa mkwewe, kwa mikono miwili, baada ya kuliweka bakuli chini kwanza, kwa sababu Karani ndiye aliyekuwa amezidiwa.